Asilimia na Matingatinga Yasiyouzika

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilipowaachia. Langoni pa kiwanda, asubuhi ya mkutano mkuu wa mwaka, nimeng'ang'ania mkono wa shati la kaka yangu, naye ananiambia, "Niachie. Leo nasema yote mbele ya wanahisa."

Kwa wewe uliyechelewa, nakupa kwa ufupi, maana mkasa wangu ni mrefu na gazeti lina mambo mengine ya kuandika.

Mimi ni afisa habari wa kiwanda cha mitambo mizito na injini. Tunatengeneza matingatinga, magreda na injini za dizeli. Kazi yangu ni kuandika taarifa ya mwaka, yaani kumfunga tai mtu asiye na suruali.

Mume wangu ndiye mkuu wa mauzo. Wafanyakazi wanamwita Asilimia, kwa sababu hajui kutoa sentensi isiyo na asilimia. Siku aliyonichumbia aliniambia ananipenda asilimia mia moja na ishirini. Nilipaswa kukimbia siku ile ile. Mtu anayekupa zaidi ya kilichopo, hiyo ziada anaitoa wapi?

Kaka yangu, mkubwa wangu tumbo moja, ana karakana na yadi nje kidogo ya mji. Ni fundi wa mitambo. Mimi, kwa mdomo wangu huu huu, ndiye niliyemshawishi awe wakala wa kiwanda chetu. Shemeji yake akamwahidi makubwa.

Makubwa yenyewe ni haya. Kila mwaka ukikaribia kufungwa na mauzo yakiwa hoi, mume wangu hupakia matingatinga kwenye malori na kwenda kuyamwaga kwa mawakala. Wakala hajaagiza wala hajaulizwa. Anaambiwa tu, "Utalipa ukiuza." Lori likishavuka lango, kwenye hesabu zetu tingatinga limeuzwa. Wanahisa wanapiga makofi. Mwaka mpya ukishika kasi, mitambo inarudishwa kimyakimya, kama mpangaji anayehama bila kumuaga mwenye nyumba.

Mara hii haikurudishwa. Unajua kwa nini? Kiwandani hapakuwa na pa kuiweka. Palikuwa pameshajaa mingine ambayo nayo haijauzika.

Kwa hiyo yadi ya kaka ikafurika mpaka mlango wa karakana ukawa haufunguki. Wateja wakakosa pa kupita. Mafundi wake wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akisema samahani. Karakana tuliyoachiwa na baba ikageuka maegesho ya vyuma vya mume wangu. Mimi kwa aibu nikaacha hata kwenda kumtembelea.

Haya, turudi langoni.

"Kaka, ukisema leo, mume wangu anafungwa."

"Afungwe. Karakana yangu si ilifungwa?"

"Na mimi?"

"Wewe utakuja kukaa kwangu. Utalala ndani ya tingatinga. Vyumba viko tele."

Sauti ya mume wangu ikatufikia kutoka mbali. "Shemeji! Karibu, karibu sana! Nimekuwekea kiti cha mbele!"

Alikuja amenyoosha mikono yote miwili, suti mpya, viatu vinameta. Akamkumbatia kaka kama vile hawakutukanana kwenye simu juzi. Akamwongoza mpaka kwenye kibanda cha mlinzi, akamtoa mlinzi nje, akafunga mlango.

Niliwaona kupitia kioo. Mume wangu anaongea kwa mikono. Kaka amekunja uso. Mume wangu anaendelea kuongea. Kaka akauliza kitu. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtoto aliyeulizwa kama anataka peremende.

Kaka alipotoka, uso ulikuwa umekunjuka.

"Amekwambia nini?" nikamuuliza.

"Tutaona," akasema, akaingia ukumbini.

Hilo "tutaona" nalijua. Ndilo ninaloliandika kwenye taarifa ya mwaka kila tunaposhindwa kitu.

*

Ngoja niwaambie kuhusu mkurugenzi wetu mkuu. Sisi tunamwita Mzee Rekodi.

Mwaka nilioajiriwa, alitangaza rekodi ya mauzo. Uliofuata, rekodi ya ukuaji. Kuna mwaka hatukuuza kitu cha maana, akatangaza rekodi ya uvumilivu, na watu wakapiga makofi. Sijawahi kumsikia akitangaza mwaka wa kawaida. Nadhani hata siku akifa familia yake itaambiwa ameweka rekodi ya kutopumua.

Ofisini kwake neno hasara ni marufuku. Niliwahi kuliandika mara moja, nikiwa mgeni, akaniita.

"Binti, hili neno umelitoa wapi?"

"Kwenye hesabu, mzee."

"Hesabu ni za wahasibu. Wewe andika 'faida iliyoahirishwa'."

Nikaandika. Kufukuza wafanyakazi nikakuandika kuwa ni kuipunguzia familia yetu uzito. Magreda yaliyorudishwa na wateja kwa hasira nikayaita ushahidi kwamba wateja wetu bado wanawasiliana nasi. Na nililala usingizi mzuri tu. Msidhani nawacheka wengine huku mimi nimesimama pembeni.

Mzee Rekodi akapanda jukwaani. Akafuta miwani. Akawaangalia wanahisa kama baba anayetaka kuwagawia watoto pipi.

"Ndugu zangu," akasema, "mwaka uliopita ni wa rekodi."

Makofi.

Akamwita mume wangu aeleze. Ukutani ikatokea michoro, mistari imepanda kama moshi wa jiko bovu. Mume wangu akashika kifimbo akaanza. Matingatinga asilimia kadhaa juu. Magreda asilimia kadhaa juu. Kuridhika kwa wateja asilimia tisini na kitu. Wateja gani? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimekaa safu ya pili, na taarifa ile nimeiandika mwenyewe.

Alipomaliza, mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. Ni muuguzi mstaafu. Hisa zake aliachiwa na marehemu mumewe, aliyefanya kazi ya kuyeyusha chuma hapa kiwandani maisha yake yote. Kila mwaka anakuja, anakaa mbele, mkoba mapajani, hasemi neno. Mwaka huu akasema.

"Mwanangu, hiyo michoro mimi siielewi. Nataka kujua kitu kimoja. Hayo matingatinga mliyouza, kanunua nani?"

"Swali zuri sana, mama. Asilimia themanini ya—"

"Sikukuuliza asilimia. Nimeuliza nani."

Ukumbi ukacheka. Mume wangu naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kwenye foleni ya benki.

"Mama, wateja wetu ni wengi, wako sehemu mbalimbali—"

"Mtaje mmoja."

Mzee Rekodi akaanza kutafuta maji. Mwandishi mmoja wa habari aliyekuwa anasinzia akafungua macho. Mimi nikajua ndiyo mwisho wetu, kazi, ndoa, nyumba, vyote kwa mpigo.

Hapo kaka yangu akasimama.

"Mimi," akasema.

Watu wakageuka.

"Mimi ni wakala wa kiwanda hiki. Sehemu kubwa ya hayo matingatinga iko kwenye yadi yangu."

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, basi yamwage kaka, yamwage yote yaishe.

"Nimeyanunua mimi," akasema. "Ni mali yangu."

Nikafumbua macho.

"Na aliyeniuzia ni huyo hapo, shemeji yangu. Shemeji, sema mbele ya watu. Uliniuzia au hukuniuzia?"

Umewahi kuona mtu aliyetolewa majini? Rangi ilimrudia mume wangu kuanzia shingoni. "Nilikuuzia!" akapaza sauti. "Nilikuuzia asilimia mia!"

"Mzee mkurugenzi, na wewe unathibitisha?"

"Nathibitisha, kijana wangu! Mali yako kabisa!"

"Wanahisa mmesikia?"

"Tumesikia!" Ukumbi mzima.

Makofi yalipigwa mpaka madirisha yakatetemeka. Mzee Rekodi akashuka jukwaani mwenyewe akamkabidhi kaka kikombe cha wakala bora wa mwaka. Wakapigwa picha. Kaka ameshika kikombe, mume wangu amemshika kaka bega, Mzee Rekodi amewashika wote wawili.

Yule mama muuguzi tu ndiye hakupiga makofi. Aliuinua mkoba wake mapajani, akautazama, akaurudisha.

*

Nilimvizia kaka kwenye korido.

"Umenunuliwa," nikamwambia.

"Pole pole, watu wanasikia."

"Waache wasikie! Karakana ya baba umeiuza kwa kikombe!"

Akakigonga kikombe kwa kucha. "Hata si chuma. Plastiki imepakwa rangi."

"Unafanya mzaha?"

"Mdogo wangu, umewahi kuniona mjinga?"

"Leo."

"Basi subiri leo iishe."

Nikamgeuzia mgongo. Nimeolewa na mwongo, nikawaza, na sasa nimegundua nimezaliwa tumbo moja na mwingine.

Nikiwa bado natweta kwa hasira, Mzee Rekodi akatokea na mgeni wake. Huyu mgeni ni mhandisi, mwanamke wa makamo, kutoka kampuni kubwa inayojenga barabara. Alikuja mkutanoni na buti zake za kazini, zina tope, akazikanyagia zulia la ukumbini bila kuomba radhi. Mwaka mzima Mzee Rekodi alikuwa anambembeleza. Ameandaliwa chakula, amepewa kalamu, kofia, mwavuli, vyote vina nembo yetu. Akiagiza kwetu, tumepona. Asipoagiza, hata mimi siwezi kuandika kitu cha kuficha shimo hilo.

"Hotuba nzuri," mhandisi akasema. "Sasa nataka kuona mtambo unawaka."

"Bila shaka! Ila leo mafundi wetu wako mapumziko," akajibu Mzee Rekodi.

Mapumziko! Mafundi wamekuwa nyumbani tangu tulipoipunguzia familia uzito.

"Basi twende kwa huyu bwana," mhandisi akasema, akamwonyesha kaka. "Si amesema anayo mengi?"

Kaka akainama kidogo. "Karibuni. Si mbali."

Mume wangu akapiga makofi ya furaha. "Twendeni! Twendeni sasa hivi!"

Kwenye gari nilikaa naye nyuma. Akanishika mkono.

"Umeona? Kaka yako mtu mzima. Wewe ulikuwa na wasiwasi asilimia—"

"Usimalizie."

"Sawa."

"Ulimwambia nini pale kwa mlinzi?"

Akasogea karibu, akashusha sauti, mwenyewe anajisikia. "Nilimwahidi kiti cha msaidizi wangu. Nikamwomba kitu kimoja tu, mtu akiuliza, aseme amenunua. Akaniuliza, 'Na wewe uko tayari kusema mbele ya watu kwamba umeniuzia?' Nikamwambia hata mara kumi! Mtu ni kama kipuri, mke wangu. Ukijua namba yake, unampata."

Niliutoa mkono wangu taratibu. Nikaufuta kwenye sketi.

*

Lango la yadi likafunguliwa, na matingatinga yakatutazama.

Yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, ya njano, mazuri kwa mbali. Kwa karibu majani yalikuwa yameota katikati ya minyororo. Kwenye kiti cha dereva cha tingatinga la kwanza kuku alikuwa ametotoa, akatufokea tulipomsogelea.

Kilichonishangaza ni mlango wa karakana. Ulikuwa wazi. Mbele yake palikuwa peupe, na ndani nilisikia nyundo. Mafundi walikuwa wamerudi.

Mume wangu hakuona lolote. Alishaanza kazi.

"Haya yote unayoyaona, mhandisi, yana wenyewe. Yanasubiri kuchukuliwa tu. Mahitaji ni makubwa, asilimia—"

"Washeni moja," mhandisi akasema.

Kaka akajikuna kidevu. "Halitawaka."

"Betri?"

"Betri nzima."

"Mafuta?"

"Mafuta si tatizo."

"Tatizo nini?"

"Fungua uone."

Mhandisi akapanda kwenye mnyororo kwa zile buti zake, akafungua boneti. Akachungulia. Kisha akasema bila kugeuka, "Mkurugenzi, njoo uangalie mtambo wako."

Mzee Rekodi akapanda kwa shida, mume wangu akimsukuma kutoka nyuma. Mimi sikuhitaji kupanda. Nilipoinama upande niliona majani ya ng'ambo.

Hapakuwa na injini. Palikuwa na nafasi ya injini, safi, imepanguswa.

Wakafungua la pili. Tupu. La tatu. Tupu. Mume wangu akaanza kukimbia kutoka tingatinga hadi tingatinga, anafungua na kubamiza, anafungua na kubamiza, tai imeruka begani.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Shemeji, umeiba injini!"

"Injini za nani?" kaka akauliza, taratibu.

"Za kiwanda!"

"Za nani? Mgeni hajasikia vizuri."

Hapa lazima nimpe Mzee Rekodi haki yake. Alielewa kabla ya mume wangu. Niliuona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyesikia kufuli ikijifunga nyuma yake. "Nyamaza," akamnong'oneza mume wangu. "Nyamaza wewe."

Lakini Asilimia akishaanza kuongea hana breki.

"Sinyamazi! Naita polisi! Mitambo hii ni mali ya kiwanda! Haijauzwa hata mmoja!"

Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kuongea.

"Haijauzwa?" mhandisi akauliza.

Mume wangu akageuka. Akamtazama bosi wake, bosi akatazama mawingu. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama kuku.

"Namaanisha," akasema, "imeuzwa."

"Ahaa," akasema kaka. "Basi ni yangu. Asubuhi ukumbi mzima umesikia ni yangu. Nimetoa injini yangu kwenye tingatinga langu. Waite hao polisi, nitawatafutia viti."

"Utalipa! Utailipa yote!"

"Nitalipa. Wewe si ulisema nitalipa nikiuza matingatinga? Sijauza hata moja. Si unayaona haya hapa?"

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka mpaka nikashika mnyororo wa tingatinga nisianguke. Miezi mingapi nilikuwa sijacheka! Machozi yalinitoka, na sikujua yapi ni ya kicheko na yapi ya kaka yangu, niliyemwita mjinga kwenye korido.

Akaja akasimama karibu yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilizitoa miezi mingi iliyopita, mdogo wangu, kwa sababu nilikuwa nakufa. Tangu hapo kila gari likisimama nje nasema ndio polisi hao. Leo nilikuja kukiri, na kutaja na ya mumeo, twende jela wote. Yeye mwenyewe akaniomba niseme nimenunua. Sasa ningemnyima?"

"Injini zimekwenda wapi?" mhandisi akauliza. Alikuwa ameshashuka, anajipangusa mikono.

"Kwa watu. Wanaopasua mbao, wanaosaga kokoto, wanaosukuma maji mashambani. Wanazigombea. Injini ya hawa watu haina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba wanaifungia ndani ya tingatinga lisilotakiwa na mtu."

Mhandisi akamgeukia Mzee Rekodi.

"Mimi nilikuja kutafuta injini," akasema. "Za mitambo yetu ya kusaga mawe. Mwaka mzima nawaambia injini, nanyi mnanipa mwavuli."

"Mhandisi, kama ungetuandikia rasmi—"

Hakumngoja amalize. "Zimebaki?" akamuuliza kaka.

"Zipo ndani. Karibu uzione."

Wakaingia karakanani, wawili hao, wanaongea kama waliosoma darasa moja. Tukabaki sisi watatu na vyuma vyetu vitupu: mkurugenzi wa rekodi, mkuu wa mauzo yasiyouzwa, na mwandishi wao.

*

Nilitegemea Mzee Rekodi ang'ake kwa sababu ya uongo. Mjinga mimi.

"Miaka yote hii," akamwambia mume wangu, akimnyooshea kidole, "umesema uongo vizuri bila kukosea. Leo, mbele ya mteja, ndipo unakumbuka kusema kweli!"

"Mzee, nilighafilika—"

"Huna kazi. Shuka kwenye gari langu, rudi kwa miguu."

"Mzee, hata kwenye gari sijapanda."

"Basi usipande!"

Akageuka kwangu. Ilikuwa ajabu kumtazama. Hasira ilimtoka usoni palepale, ikaingia hesabu. Ningekuwa mgeni ningesema mtu huyu amefarijika.

"Binti," akasema. "Kuanzia sasa mkuu wa mauzo ni wewe."

"Mimi?"

"Yule mle ndani ni kaka yako. Mtu mwingine hatamsikiliza. Ingia, mwambie kila injini atakayomuuzia yule mhandisi ipitie kwetu. Mwambie wewe ni damu yake, mlilie kidogo, unajua mwenyewe. Kabla hawajapeana mikono."

"Na taarifa ya asubuhi?"

"Ina nini? Inabaki ilivyo. Ni mwaka wa rekodi." Akarekebisha miwani. "Ofisi ya mauzo unaijua. Ile ya kona, yenye madirisha pande mbili."

Naijua. Nani asiyeijua?

Mume wangu akanisogelea. Suti ilikuwa imechafuka grisi kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea bila asilimia.

"Ukikubali," akasema, "mimi na wewe basi."

Sasa wasomaji wangu, wengine wenu mnaniandikia mkiniita mwanamke jasiri. Leo niwakatishe tamaa. Pale nilipokuwa nimesimama sikuwaza haki. Sikumuwaza yule mama wa mkoba, wala mafundi waliokaa nyumbani. Niliwaza madirisha ya pande mbili. Niliwaza jina langu mlangoni. Nikawaza pia kwamba nikiingia mle karakanani kwa kazi niliyotumwa, nitakuwa nakwenda kumnyang'anya kaka yangu kitu cha kwanza kizuri alichokipata tangu nimuozeshe kwa kiwanda hiki.

Na nisipoingia, narudi nyumbani na huyu. Kumsikiliza akinieleza usiku kucha kwamba ameonewa.

Kutoka ndani kicheko cha kaka kikasikika. Kisha sauti yake, "Mdogo wangu! Uko wapi? Njoo ushuhudie!"

"Nenda," akasema Mzee Rekodi. "Wahi."

"Usithubutu," akasema mume wangu.

Nikawatazama wote wawili. Mmoja hajawahi kuendesha tingatinga. Mwingine hajawahi kuliuza. Na hao ndio wameendesha kiwanda na maisha yangu.

Nikamnyooshea mume wangu kiganja.

"Funguo," nikasema.

Akapapasa mfukoni. Akatoa shada zima la funguo, likamlilia mkononi. Akanitazama machoni.

"Za ofisi," akauliza, "au za nyumba?"